Naomba ushauri: niongeze hela nipate kioo cha 120Hz?

Habari zenu wakuu. Natumia iPhone 13 ya kawaida, kioo chake ni 60Hz, yaani picha inajichora upya mara 60 kwa sekunde. Kuna muuzaji Kariakoo yuko tayari kuichukua, nimwongezee laki tatu na nusu anipe 13 Pro iliyotumika, ambayo kioo kinafika 120Hz. Zote ni za 2021 na chipu ni A15. Kamera ya kuvuta mbali sina kazi nayo, kwa hiyo ninachofuata hasa ni kioo.

Jana niliazima 13 Pro ya shemeji. Nikiperuzi habari, maandishi yanasomeka hata yakiwa yanapanda. Kwenye yangu yanavurugika mpaka nisimamishe kidole. Nikaingia kwenye mipangilio ya hiyo Pro ya shemeji nikaizuia isizidi 60Hz, tofauti ikaonekana palepale. Ila kwenye video za YouTube sikuona tofauti, na huko ndiko ninakoshinda. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni betri: yangu ina afya (uwezo uliobaki ukilinganisha na ilipokuwa mpya) ya asilimia 88, hiyo Pro ya dukani 81.

Mliotoka 60 kwenda 120, baada ya miezi kadhaa bado mnaifurahia tofauti, au jicho linazoea tu? Na kwa betri hiyo ya 81, nitafika jioni bila chaja?