Gundi gani ina rangi ya damu ya mzee? Mafundi wa tina na wembe mmeniharibia gari

Wakuu, hasira hizi nimezikalia siku nne, leo nazimwaga. Anayetaka kuniambia "pole, gari ni chuma tu" apite kushoto.

Nina Harrier ya 2006, ile mnayoiita tako la nyani, rangi ya damu ya mzee. Nimeinunua mkononi hapa hapa Dar. Mwenyewe wa kwanza aliipenda sana rangi yake, akaibandika nailoni ya kukinga rangi, hiyo PPF, kwenye boneti, bampa la mbele na makava ya saiti mira. Wazo lenyewe si baya. Nailoni za aina hiyo zilianzia kwenye mapanga ya helikopta za jeshi la Marekani enzi za vita vya Vietnam, kwa hiyo kokoto za Morogoro Road zisingekuwa kitu. Ila yeye alibandikiwa PVC, ndugu wa tumbo moja na kitambaa cha meza cha nailoni, akaambiwa ndiyo PPF yenyewe. Jua la Dar likaipiga miaka. Mimi naipata imeshakuwa ya njano kama meno ya mvuta sigara, imepasuka vipande vipande kama tope la kiangazi, na kila mpasuko umejaa vumbi. Mama watoto akawa anauliza kama gari lina ugonjwa wa ngozi.

Nikaamua itoke. Fundi wangu wa siku zote kasafiri, nikaelekezwa gereji moja maeneo ya Sinza. Jina silitaji, sitaki kesi.

"Bosi, hii kazi ya nusu saa. Elfu 80, unaondoka linang'aa." Nikamshusha mpaka 60, nikajiona mjanja.

Saa mbili asubuhi, bati bado limepoa, gari liko chini ya mwembe, jamaa akaanza kuvuta. Anavuta kwenda juu, kwa nguvu, kama anang'oa plasta. Nailoni iliyokauka haitoki hivyo. Ikawa inakatika vipande vya ukubwa wa kucha, na kila kinapotoka kipande gundi inabaki kwenye bati, imekakamaa, ina rangi ya asali iliyoungua. Nikamuuliza, hakuna dawa ya kulainisha? Akacheka. "Bosi, tulia."

Kufika saa sita boneti yote ni gundi. Wakalisogeza gari juani ili "waone vizuri". Hapo ndipo akatoa dumu la tina, ile ya kuyeyushia rangi. Sio tina ya kupimapima, anamwaga kabisa. Bati la moto, tina inakauka kabla haijafanya kazi yoyote, anaongeza nyingine. Gundi ikalainika kidogo, ikasambaa, ikawa utando wa kunata unaodaka kila vumbi linalopita. Alipoona haishi akamwita dogo aje na wembe. WEMBE, wakuu. Juu ya klia, ule utando mwembamba wa juu unaokinga rangi. Na dogo mwenyewe anakwangua huku anachati.

Sasa nisikilizeni hapa. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki mita tatu kutoka pale. Kitambaa cha jamaa kilikuwa kipande cha fulana nyeupe. Alipohamia kwenye bampa, akafuta mara mbili, akakikunja, akafuta tena, na upande uliokuja juu ulikuwa mwekundu. Sio wa udongo, mwekundu wa damu ya mzee. Nikasimama.

"Fundi, hiyo si rangi?"

"Hapana bosi, hiyo gundi inatoka."

Gundi gani ina rangi ya damu ya mzee? Nimeuliza pale, nauliza na hapa.

Bampa lile liliwahi kupigwa rangi upya hapa mjini, nilijua tangu nanunua. Rangi ya kiwandani inaokwa kwenye tanuri, joto la nyuzi kama 140, ndiyo maana huwa inavumilia kidogo. Ya gereji haijapitia moto huo, na kama aliyeipiga alibana matumizi kwenye dawa ya kuikaushia, tina inaila kama andazi kwenye chai. Mbele ya macho yangu bampa likakunjamana, mikunjo midogo midogo kama utando wa juu ya maziwa yaliyopoa. Upande wa kushoto, chini ya taa, ukabaki weupe wa plastiki na praima, ile rangi ya chini kabisa. Boneti ya kiwandani haikukunjamana, ila imepauka mabaka mabaka, na ukiiangalia kwa pembeni unaona mistari ya wembe imepishana kama daftari la hesabu.

Halafu anakuja mwenye gereji, mzee mzima nywele nyeupe, anaangalia, anasema: "Rangi ilikuwa mbovu toka Japani." Mzee wangu, shikamoo, lakini bampa hilo Japani halikuijua rangi hiyo! Na akataka hela yake. Nikalipa 40 ili nipewe funguo. Risiti hakuna. Kuna mtu kanishauri niende FCC, ile Tume ya Ushindani, kwenye haki za mlaji, niende na ushahidi gani, fulana nyekundu?

Kinachoniuma zaidi ya hela ni hiki: saiti mira mbili hawakuzigusa. Nimezifanya mwenyewe juzi, nyumbani, na zimetoka kama mpya. Sijawahi kushika spana maishani, mimi ni mtu wa ofisini.

Nilichofanya: nimeazima drai ya saluni ya mama watoto (masharti mengi, lakini kaitoa). Nikapuliza hewa ya moto kutoka umbali wa kiganja, huku naizungusha isikae sehemu moja, mpaka kava likawa la moto kiasi kwamba unaligusa lakini mkono huwezi kuuacha hapo. Nikainua pembe kwa ukucha, nikavuta nailoni ikijirudia yenyewe, imelala karibu kugusa kava, wala siipeleki juu. Pole pole, sentimita kwa sentimita, drai inatangulia na mkono unafuata. Ikianza kuacha gundi, unarudisha moto, unapunguza kasi. Kava la kwanza lilinichukua dakika 40 na likaacha gundi kidogo tu pembeni. Elimu yote ndiyo hiyo. Ukivuta nailoni ya baridi, gundi inaachana na nailoni na kubaki kwenye rangi. Ikiwa ya moto na mkono hauna haraka, nyingi inaondoka na nailoni yake.

Kwa mabaki nilitumia mafuta ya taa. Ndiyo, yale ya kibatari. Kwanza nilijaribu sehemu ya chini isiyoonekana, nikasubiri, nikaangalia kitambaa kama kimeshika rangi. Hakijashika. Nikalowesha kitambaa laini, nikakilaza juu ya gundi dakika tano kivulini, gari limepoa kabisa. Baada ya hapo gundi unaisukuma kwa kidole gumba, inajiviringa kama ngozi inayotoka ukijisugua kwa dodoki. Palipogoma nilitumia kadi ya benki iliyoisha muda wake, nimeifunika kitambaa. Halafu sabuni ya vyombo na maji mengi, maana yanaacha mafuta, na mwisho waksi, kwa sababu ukishapitisha vitu hivyo rangi inabaki uchi. Sehemu mbili zilizobaki na weusi nilifuta kwa spiriti ya hospitali kidogo. Petroli msiguse, inakauka haraka na siku moja mtu atapita na sigara.

Nani alikuwa anashindwa na hilo? Drai, mafuta ya taa ya buku mbili, kadi mbovu. Kinachotakiwa ni muda tu, na muda ndio mafundi wetu hawataki kuuza. Klia yote kwenye gari ni kama maikroni 40 au 50, unywele mmoja wa kichwani unaweza kuwa mnene kuliko hapo. Halafu mtu anaweka wembe juu yake, anasema nusu saa!

Msinielewe vibaya, sisemi mafundi wote. Na kosa langu nalijua: nimekaa pale kwenye kiti naona dumu la tina linafunguliwa, nikanyamaza, kwa sababu nimezoea kwamba fundi ndiye anajua. Hilo nimejitukana mwenyewe vya kutosha, msiniongezee.

Jambo moja ambalo hakuna atakayewaambia: hata ukitoa vizuri, makava yangu sasa yana rangi iliyokolea kuliko mlango. Miaka yote hiyo nailoni iliyafunika, mlango ukaliwa na jua peke yake. Kwa hiyo mkiona rangi mbili tofauti baada ya kutoa, si lazima iwe gundi. Msianze kusugua, mtafika kwenye praima.

Sasa msaada ninaoomba. Kuna mtu kaniambia boneti inaweza kurudi kwa mashine ya polishi bila kupigwa rangi, mwingine kasema mistari ya wembe imeshafika kwenye rangi yenyewe, haitoki. Nikipitisha ukucha, michache unakwama, mingi hauhisi kitu. Aliyewahi kupitia hii aniambie ukweli. Bampa najua linapigwa upya, hilo nimeshakubali. Namba ya rangi nimeshaipata kwenye kibati ndani ya boneti. Nataka fundi anayechanganya kwa namba hiyo, sio yule wa kuangalia kwa jicho na kusema "inaendana".

Na jana saa kumi na mbili jioni simu imeita, ni jamaa wa tina. Nikajua anaomba radhi. "Bosi, zile saiti mira unazileta lini? Kazi yako haijaisha, na bado tunakudai elfu 20."