Mmeikata Ghajini mkabakiza ngumi tupu, halafu mnatutoza hela!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Jumapili nimempeleka mpwa wangu, yuko kidato cha pili, kwenye kibanda umiza cha mtaani kuangalia muvi. Ubaoni wameandika kwa chaki: GHAJINI, IMETAFSIRIWA, SAA KUMI. Wiki nzima nilikuwa namsimulia huyu dogo habari za Aamir Khan, steringi wa hiyo picha ya Kihindi, nikasema leo atanielewa. Jero jero mlangoni, tukabanana kwenye benchi na lile joto la bati.

Ile muvi ina saa tatu na dakika zake. Saa kumi na moja na nusu tunaambiwa tupishe, watu wa mpira wanaingia.

Saa moja na nusu nzima imekwenda wapi? Imekwenda na Kalpana. Wamemkata Kalpana, mpenzi wa steringi! Pale anapowadanganya ofisini kwake kwamba ni mchumba wa tajiri Sanjay Singhania (ndiye Aamir mwenyewe) na hata sura yake haijui, hakuna. Sanjay mwenyewe kujileta kwake kwa jina la Sachin, kapuku anayehangaika na kazi za matangazo, hakuna. Guzarish, wimbo wenyewe ule, hakuna. Treni ya Goa na wale mabinti 25 waliokuwa wanapelekwa kuuzwa, Kalpana akawaokoa, ambao ndio chanzo cha yule adui, Ghajini, kumwinda, hiyo nayo hakuna!

Kilichobaki ni jamaa mwenye kovu kichwani na tattoo mwili mzima anavunja watu shingo. Hata maelezo kwamba kumbukumbu zake hazivuki dakika 15, ndiyo maana anapiga picha kila kitu na kujichora majina, yamepita kama upepo. Dogo akadhani steringi ni chizi. Akaniuliza, tena kwa sauti, "Anko, kwani huyu anagombania nini?" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nikakosa jibu, kwa sababu kwa alichoonyeshwa, kweli jamaa hagombanii chochote.

Mwenye kuijua ile picha anajua. Unakaa na Kalpana, unacheka naye, unamzoea kama binti wa nyumba ya pili, ndipo ile nondo ya Ghajini inamshukia. Na anakufa hajui kwamba Sachin wake ndiye Sanjay. Hapo ndipo hata wewe uliyekaa kwenye benchi unataka roho ya Ghajini. Sasa mtu niliyeonyeshwa dakika mbili nimlilie vipi? Na hizo dakika mbili zenyewe mtafsiri anarusha salamu kwa wanangu wa Temeke!

Sina ugomvi na tafsiri, tuelewane. Nimekua na sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, masikioni. Tafsiri, tia vichekesho, sawa, ila usikate.

Nikamfuata mwenye kibanda. Eti, "Bro, wateja wakiona wimbo wanatoka kununua karanga." Si watoke, watarudi! Karanga zinakimbia?

Mwisho ndio umenimaliza. Ghajini kafa, skrini nyeusi. Ile zawadi anayopewa Sanjay mwishoni, saruji yenye nyayo zake na za Kalpana, haipo. Mimi mwaka 2009 hapo nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Na mnaokuja kuandika kwamba imekopi Memento ya Wamarekani, au kwamba bora ile ya Kitamil ya 2005 ya Suriya: najua. Mwongozaji ni yule yule Murugadoss, Kalpana ni yule yule Asin. Fungueni uzi wenu.

Mwenye kopi nzima, narudia, YENYE NYIMBO, anicheki PM. Flash ninayo. Dogo nimeshamwambia Ghajini hajaiona bado.