Naomba ushauri: kukata kioo cha mbele cha vespa

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nipo Wete, Pemba, vespa yangu ina kioo kirefu cha plastiki, na ukingo wake wa juu uko sawa kabisa na macho yangu. Usiku mvua ikinyesha njia ya Chake Chake, matone yakimulikwa na taa za gari inayokuja, barabara siioni, na nyuma nimempakia mwanangu. Nataka kukipunguza kifike usawa wa pua, nitazame kwa juu.

Tepu nimeshabandika na mstari nimechora. Msumeno wa kukatia chuma, wa meno madogo, utafaa? Wa umeme naogopa utayeyusha plastiki. Na ukingo nipige msasa namba ngapi usije ukaanza ufa? Kioo hiki sijui ni plastiki ya akriliki au ya polikaboneti, na akriliki hupasuka upesi kuliko polikaboneti. Nitaitambuaje ni ipi kabla sijakata? Aliyewahi kufanya anielekeze, tafadhali.