Kwa nini dandelioni za Dürer zimefumba?

MchoraMajani:
Wakuu, habari zenu. Nanakili kwa rangi za maji ile picha ya Albrecht Dürer ya mwaka 1503, kipande cha majani pori, ambayo asili yake inatunzwa kwenye makumbusho ya Albertina, Vienna. Ni ndogo, kama sentimita 41 kwa 31 hivi, lakini hii ni wiki ya tatu na bado sijafika kwenye udongo. Dandelioni, lile gugu la maua ya njano, naitambua kwa majani yake yenye meno. Kinachonishinda ni maua: hakuna hata moja lililochanua! Kwenye bamba (picha iliyochapwa kwa shaba) la Elizabeth Blackwell, mchoraji wa mimea wa karne ya 18, gugu hilohilo limechanua njano tupu. Je, Dürer aliikwepa njano, au kuna tabia ya mmea nisiyoijua?

MpendaMagugu:
Ni tabia ya mmea, mkuu. Ua la dandelioni hufumba jioni na wakati wa mvua, jua likitoka linafumbua. Likishamaliza kuchanua, hufumba tena na kukaa hivyo siku kadhaa mbegu zikikomaa ndani, ndipo linafunguka kuwa lile tufe jeupe linalopeperushwa na upepo.

Chuma lililofumba ulipasue kwa ukucha. Ukikuta petali mbichi za njano, lilikuwa limelala tu. Ukikuta nywele nyeupe zimebanana kama brashi, na petali zilizonyauka zimesongamana kwenye ncha, hilo linalea mbegu.

WinoNaShaba:
Naongezea kuhusu Blackwell, maana huyu mama namheshimu sana. Mumewe alifungwa kwa madeni huko London, naye akaanza kuchora mimea ya dawa kutoka bustani ya Chelsea ili apate fedha za kumtoa. Kuanzia 1737 hadi 1739 alitoa mabamba manne kila wiki, jumla 500, na la kwanza kabisa ni dandelioni. Alichora, akachonga shaba, akapaka na rangi, kazi ambazo kwa kawaida zilifanywa na watu watatu.

Msomaji wake alitaka kuutambua mmea asije akakosea dawa. Ua lililofumba lingemsaidia nini? Dürer yeye alichora kipande cha ardhi kama kilivyo, hadi vimizizi vinavyoning'inia pale chini. Usimdai maua.

MchoraMajani:
Asanteni sana. Nimepasua matatu asubuhi hii, kabla jua halijakolea. Mawili yalikuwa na petali mbichi. La tatu lilijaa nywele nyeupe, laini, bado zina unyevu, na utomvu wa kikonyo umeniachia madoa ya kahawia vidoleni ambayo sabuni haijayatoa.

Niwaambie ukweli: kwenye nakala yangu nilishaongeza ua moja lililochanua, juu kushoto, nikidhani narekebisha. Njano hiyo imeshaingia kwenye karatasi, haifutiki. Nimekata karatasi mpya, na safari hii naanza na vikonyo.