Kampuni za viwanja Wakiso, mnaficha namba ya hati mpaka tulipe kwa nini?

Wakuu, habari za jioni. Leo sitabembeleza mtu.

Sisi tunaotafuta kiwanja cha kwanza kuzunguka Kampala tumegeuzwa shamba la bibi. Jumapili wanatupakia bure kwenye kosta, soda mkononi, spika inapiga kelele: futi 50 kwa 100, hati ipo, umeme umefika. Ukimwomba dada wa kampuni namba ya buloki na ploti ukapekue mwenyewe ofisi ya ardhi, anatabasamu: "Ssebo, lipia kwanza pesa ya kushikilia kiwanja." Laki tano. Bila kulipa hupewi namba, na bila namba utapekua nini? Mchezo wote umejificha hapo.

Nimelipa, namba nikapewa, tukaenda Matugga. Mawe ya mipaka yamepakwa chokaa mbichi, ukigusa inabaki mkononi. Mpimaji wao anatuonyesha kona ya pili, mara bibi mmoja akatoka kwenye migomba na panga lake. Hakufoka. Aliuliza tu nani katuambia kibanja chake (ardhi anayokalia kwa kumlipa mwenye hati) kinauzwa, akafungua kaveera, mfuko wa plastiki, na kutoa risiti za busuulu, yaani hiyo kodi ya kila mwaka, nyingine zimegeuka njano, zina jina la marehemu mumewe. Kijana wa kampuni akatunong'oneza: "Huyo tutamalizana naye."

Mtamalizana naye vipi? Kwenye ardhi ya mailo, ule umiliki wa kudumu wa huku Buganda, mwenye kibanja halali ana haki zake, na hati ya mwenye mailo haimfuti. Ukinunua hati juu ya kichwa chake, kesi umenunua wewe; kampuni itakuwa imeshahamia Gayaza na spika zake. Hata ungetaka kununua kibanja chenyewe, sheria inataka mwenye ardhi apewe nafasi ya kwanza. Hayo kwenye kosta hayatajwi.

Nikaenda kupekua Wakiso. Ada ya upekuzi ni ndogo mno ukilinganisha na laki tano zao. Majibu: hati ni moja ya eneo zima, haijakatwa viwanja, mwenye jina alishafariki na familia imeweka zuio. Kwa hiyo hati ipo kweli. Ya marehemu!

Nimerudi kudai pesa yangu. Wananionyesha herufi za chini kabisa kwenye risiti, za kusomwa kwa darubini: hairudishwi. Meneja "yuko safarini". Simu zangu hazipokelewi, lakini nikipiga kwa namba ya shemeji wanapokea haraka na kumkaribisha aje kuona viwanja.

Mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, naye, kabla sijamuuliza kitu, alishataja asilimia 10 yake ya kugonga muhuri. Kwa bei ya milioni 30 hiyo ni milioni 3, ya muhuri! Iko kwenye sheria gani? Serikali yenyewe kwenye kuhamisha hati inachukua ushuru wa stempu asilimia 1.5, tena kwa risiti.

Na wale wa "chukua mkopo wa benki ununue nyumba iliyokamilika", asanteni, riba hiyo lipeni nyinyi.

Msije kuniambia wanunuzi ni wajinga. Waliovunjiwa nyumba Lubigi mwaka 2024, NEMA, mamlaka ya mazingira, ilipoondoa watu kwenye ardhi oevu, wengi waliuziwa na mtu aliyepokea pesa na kuandika mkataba mbele ya mashahidi. Huyo muuzaji nani alimvunjia?

Ninachotaka si kikubwa. Namba ya buloki na ploti iandikwe kwenye bango lile lile mnaloandika bei. Kama hati ni safi, mnaogopa nini mtu akipekua kabla ya kutoa shilingi?

Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa ya kushikilia? Ulipitia kwa wakili, polisi, au kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani? Semeni hapa hapa. Madalali msinijie inboksi, nimeshawajua.