Mwanafunzi wa fizio kamvuta mgonjwa wa kiharusi mkono. Nimfelishe?

FizioMkoani

Habarini za usiku wana fizio, yaani sisi wa tiba ya viungo.

Niko hospitali ya mkoa, mkoa siutaji. Idara yetu ina watumishi watatu, na mmoja yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo hesabu ni wawili. Wagonjwa wa nje hawapungui 30 kwa siku, hapo hujapanda wadini. Wiki tatu zilizopita chuo kikatuletea wanafunzi wa fildi, mwaka wa mwisho. Sita!

Yupo kijana mmoja kati yao, nitamwita Kaka Faili kwa sababu hatembei bila faili mkononi. Kichwani kawazidi wenzake wote. Muulize alama za nguvu za misuli, anakushushia kuanzia 0 mpaka 5 bila kupepesa macho. Muulize kwa nini bega la mgonjwa wa kiharusi linashuka, atakutajia misuli minne inayolishika na neva zake. Nikamwamini, nikampa kitanda cha 14.

Kitanda cha 14 ni mzee wa miaka 61, fundi cherehani. Kiharusi kimempiga upande wa kulia, na maneno kimeondoka nayo. Siku ile ilikuwa ya nane. Mkono mlegevu kama kamba mbichi. Ukipapasa chini ya ncha ya bega, kidole kizima kinaingia kwenye nafasi ambayo haikutakiwa kuwepo. Kwenye faili nimeandika kwa herufi kubwa: MKONO WA KULIA USIVUTWE.

Alhamisi niko kitanda cha 11 napima goti linakunja kiasi gani kwa goniometa, kile kipimo cha pembe. Nageuka, namwona Kaka Faili amesimama mbele ya mzee, kashika mkono uleule, anavuta: "Haya baba, moja, mbili, tatu, inuka!" Mzee kainuka, maana ni mwanaume hasa. Nilipofika nilishachelewa.

Ijumaa asubuhi mke wake ananiambia hawakulala. Mzee hana maneno ya kunilalamikia. Alilishika bega kwa mkono wa kushoto akanitazama mimi. Hakumtazama kijana.

Sasa shida yenyewe. Jumatatu natakiwa kurudisha fomu ya tathmini pamoja na kitabu chake cha stadi. Kitabu kina stadi 42. Kumtoa mgonjwa wa kiharusi kitandani kwenda kitini ni namba 17, na nilishaisaini wiki ya kwanza. Aliniletea saa tisa na nusu natoka, mkoba begani, nikasaini ukurasa mzima na wa pili yake. Saini 24 kwa dakika moja. Jana usiku nimekaa nikazipitia: nilizoziona kwa macho yangu ni tisa.

Nimempigia mwalimu wake wa chuo. Jibu lake: "Dada, mpe C. Akifeli vitendo anadisko, anafukuzwa chuo, na wazazi wameuza ng'ombe."

Nimfelishe? Na saini nilizokwisha weka nafanyaje? Na nyie mnasimamiaje wanafunzi sita mkiwa wawili?

---

MagongoMawili

Mpe C. Nchi hii wafiziotherapia wako wangapi? Kuna wilaya nzima haina hata mmoja, mgonjwa wa kiharusi anarudishwa nyumbani na panadoli. Kijana mwenye kichwa hicho ukimdiskosha umemnyima mtu wa Liwale au Kakonko mtoa tiba. Sote tulivuta mikono tukiwa fildi, tukajifunza. Bega likiuma weka barafu, songa mbele.

---

Nusu_Saini

Samahani madamu, mimi ni mwanafunzi, naandika kwa jina la bandia. Naomba niseme upande wetu.

Tukija fildi tunakuta msimamizi amezidiwa. Ukimwomba aje akuone unafanya, anasema "wewe si umesoma? Kafanye." Ukiuliza sana unaitwa hujiamini. Ukikosea unaitwa mbele ya mgonjwa. Kwa hiyo tumejifunza kitu kimoja kizuri sana: kusubiri saa tisa na nusu, ndipo saini zinapatikana.

Sisemi kijana hana kosa. Ila sidhani kama alimwonea mzee makusudi.

---

Bwana_wa_Kilindini

Bibie, mimi niko Mombasa, wanafunzi wa atachimenti, fildi yenu hiyo, napokea kila muhula. Nusu_Saini amesema kweli chungu, msimkemee.

Hilo la kujua na kutenda lina mtu aliyelipanga vizuri. George Miller, mwaka 1990, alichora piramidi ya ngazi nne: anajua, anajua namna, anaonyesha namna, na juu kabisa anatenda kazini. Kijana wako yuko ngazi ya pili, wewe ukamweka ya nne kwa sababu ya ufasaha wake wa ngazi ya kwanza. Wale wenye maneno mengi ndio wanaotuponyoka. Mwanafunzi mzito wa kusema tunamfuata nyuma kama kivuli. Mwenye ulimi mwepesi tunampa kitanda na kwenda zetu.

Kwangu nafanya hivi. Wanafunzi wanatembea wawili wawili, hakuna anayemgusa mgonjwa wa kiharusi peke yake. Mmoja anatenda, mwenziwe anatazama na kuandika, kisha wanabadilishana. Sita wako wanakuwa jozi tatu. Mwenzake angekuwepo pale, angalau angesoma hayo maandishi yako makubwa kwa sauti.

La pili ni dakika mbili pembeni ya kitanda, kabla hajamgusa mtu. Neher na wenzake kule Marekani waliandika utaratibu wake mwaka 1992 kwa ajili ya madaktari, nami nimeuchukua kama ulivyo. Namuuliza: unataka kufanya nini? Akijibu: umeona nini kilichokufanya uamue hivyo? Nikishasikia hayo mawili, nampa kanuni moja tu ya kubaki nayo, namwambia alipopatia, namrekebisha alipokosea. Basi. Ungemwuliza Alhamisi "utamshika wapi?" angekujibu "mkono", na yote yangeishia hapo.

MagongoMawili, barafu haitibu bega la kiharusi lililovutwa. Tuache hayo.

---

MagongoMawili

Nimekubali la barafu. La C sijakubali.

---

BibiWaMoshi

Mwanangu FizioMkoani, pole.

Mimi nimestaafu. Nilisomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, miaka ya themanini, nikasimamia wanafunzi mpaka magoti yangu yenyewe yakahitaji fizio. Nitakuambia alivyonifanya msimamizi wangu nilipokosea kosa hilohilo.

Hakunifokea. Alinisubiri wagonjwa waishe, akaniambia nilale kitandani. Akafunga mkono wangu wa kulia kwa bandeji ili nisiutumie, mguu wa kulia akaniambia usahau kwamba upo. Akaziba mdomo wangu kwa plasta. Halafu akamwita mhudumu wa wadi, mama mmoja mwenye nguvu, akamwambia: "Mtoe huyu akae kitini, tunachelewa." Yule mama hakujua lolote, akanikamata kama gunia la mahindi.

Miaka imepita na mwili wangu haujasahau. Nilichoogopa zaidi ni kutojua wapi ataniangusha. Maumivu yalikuja baadaye. Tangu siku hiyo nikawa nazungumza na mgonjwa kabla ya mikono yangu. Kwanza kaa upande wake mbovu, uuone mkono wenyewe uko wapi. Kunja magoti yake, mgeuze ubavu, mkono wako mmoja nyuma ya kombe la bega na mwingine kwenye nyonga. Miguu ishuke kwanza ndipo kiwiliwili kiinuke. Mkono mbovu hubebwa, hauvutwi. Haya Kaka Faili anayajua kwa kukariri. Mlaze kitandani ayajue kwa mgongo.

La kufelisha sitakujibu leo, kwa sababu kuna swali hujamuuliza. Vitabu vyote vinakataza kuvuta mkono ule. Chuoni amekatazwa. Kwenye faili umemkataza. Basi kule kuvuta kajifunza kwa nani? Kamuulize, tena kwa upole, halafu rudi.

---

Fizio_Leeds

Niko Uingereza, nasoma kimyakimya. Huku chama cha wafiziotherapia, CSP, kinataka mwanafunzi afikishe saa 1000 za vitendo kabla ya kuhitimu. Watu wanafikiri zikitimia saa mambo yameisha. Mimi nimewahi kumpokea aliyekaribia kuzimaliza na hajawahi kumgusa mgonjwa wa kiharusi mikono yake miwili ikiwa peke yake. Saa zinahesabu kuwepo tu. Ushauri wangu mdogo: futa saini ambazo hukuona, andika tarehe pembeni.

---

FizioMkoani

Shikamoo Bibi. Asanteni wote, hata MagongoMawili.

Nimechelewa kurudi kwa sababu swali la Bibi nililibeba siku mbili kabla ya kuliuliza. Nilijiandaa kusikia "kwa ndugu wa wagonjwa", maana kweli wanavuta, hata mke wa mzee nilishamkuta akivuta akidhani anamsaidia.

Nikamkalisha Kaka Faili kwenye benchi nje ya wadi, nikamnunulia chai. Nikamuuliza: kuvuta vile uliona wapi? Akakaa kimya, anageuzageuza faili. Mwishowe akasema, "Nikisema utakasirika, dada." Nikamwambia sema.

"Kwako. Jumatatu ya kwanza. Kitanda cha 9."

Nilikataa. Palepale, mbele yake, nilikataa kabisa. Kisha nikaikumbuka Jumatatu ile: madaktari wamekaribia kuanza raundi, mgonjwa wa kitanda cha 9 alitakiwa awe ameketi, mwenzangu yuko OPD, kwa wagonjwa wa nje, peke yake. Nikampitishia mkono kwapani upande mbovu, nikamwinua. Sekunde tatu. Wanafunzi sita wamesimama pembeni na kalamu zao. Hakuna aliyeandika, lakini ni wazi kuna aliyesoma.

Chai yangu ilipoa.

Tukafanya hivi. Jioni ile tulifunga mlango wa gimu, wanafunzi wote sita na mimi wa saba. Niliyelala wa kwanza ni mimi, mkono umefungwa bandeji, plasta mdomoni. Nikamwambia Kaka Faili anitoe. Mikono ilimtetemeka mno hata akanigonga kichwa kwenye chuma cha kitanda, wenzake wakacheka, nami nikacheka chini ya plasta. Mara ya nne ndipo akanitoa vizuri. Akafuata yeye kulala. Aliyemtoa ni binti mdogo mno wa umbo, na akamtoa kwa ulaini kuliko mimi ninavyojua kutoa. Binti huyo sikuwahi kumtazama akifanya kazi, wiki tatu nzima, kwa sababu haongei.

Kitabu: nimefuta saini 15 kwa mstari mmoja wa kalamu nyekundu na tarehe, kama alivyosema wa Leeds. Kwenye fomu sijaweka C wala sijaandika amefeli. Nimeandika "stadi 15 msimamizi hakuziona", nikaomba aongezewe wiki mbili hapa kwangu. Chini yake nikaandika la kitanda cha 14, na la kitanda cha 9 pia. Mkuu wa idara alisoma akaniuliza kama nina hakika na hilo la mwisho. Nikasema ndiyo, huku tumbo linanguruma.

Jozi za Bwana wa Kilindini zimeanza Jumanne. Zile dakika mbili za maswali bado zinanishinda siku ya kliniki ya watoto, sitaki kudanganya. Siku nyingine zinawezekana.

Mzee bega bado linamsumbua usiku. Tumemwekea mito miwili chini ya mkono, na mkewe nimemfundisha kumgeuza kwa kushika kombe la bega. Alishika haraka kuliko wanafunzi. Anasema ni kama kumgeuza mtoto aliyelala usitake aamke. Kaka Faili alikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akainua mkono wa kushoto, akamwonyesha kiti.

Namba 17 ya Kaka Faili nimeisaini leo saa 4:20 asubuhi, kitanda cha 14, nimesimama nyuma mikono mfukoni. Katika zile 15 zimebaki 14. Mwalimu wa chuo hapokei simu zangu tangu jana.

---

BibiWaMoshi

Marahaba mwanangu. Huyo binti asiyeongea, kesho mpe kitanda, na usimame hapo.