Kioo kikubwa magharibi, au nigeuze ramani?

Swali: Wakuu, sebule yangu kwenye ramani inatazama magharibi, kioo ukuta mzima. Fundi anasema, "Utafunga kiyoyozi tu." Kweli?

Jibu: Usimsikilize, ndugu. Jua la jioni huja limeinama, kibaraza hakilizuii. Ninacho kioo kama hicho. Pazia halifunguliwi tangu nihamie! Geuza ramani sasa, karatasi haina gharama. Kiyoyozi kije mwisho.

Jibu: Na zege punguza, maana lina saruji. Mawe ya chokaa yakichomwa kwenye tanuri la saruji, nyuzi 1,450 hivi, yenyewe hutoa kaboni dioksidi, hewa inayoongeza joto duniani, hata moto uwe wa kuni au wa umeme. Nguzo nene za urembo za nini?

Muulizaji: Duh. Nguzo ninazo sita. Namrudia mchoraji kesho.